Mlio wa Pikipiki ya Bwana Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya barabara pale Kibiti, sikushika hata spana. Fundi mkuu wetu alikuwa Mhindi mmoja mwenye nyusi nzito ambaye sote tulimwita Mistri. Alinikalisha juu ya pipa tupu la lami, akaniamuru nifumbe macho nisikilize lori lililokuwa likinguruma uani. Nilipomwambia nasikia injini, alinifokea: "Injini hata mbuzi anaisikia. Wewe niambie ndani yake kinalia nini." Nikashinda pale asubuhi nzima, jua likinichoma utosi, mpaka nikaanza kutenganisha mlio wa mkanda wa feni na kugongagonga kwa valvu.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana wanaonitembelea hapa nyumbani hupenda niwasifie zama za Waingereza. "Babu, enzi zenu kazi ilikuwa na utaratibu," huniambia. Utaratibu! Kila nikilisikia neno hilo namkumbuka dereva Mkumba, na damu hunichemka upya. Basi acheni niwaeleze huo utaratibu wenyewe.

Juu kabisa ya karakana alikuwapo Mwingereza aliyesimamia barabara na madaraja ya upande ule. Watu wa kwetu waliwaita wakubwa kwa kazi zao: Bwana Shamba, Bwana Afya, na huyu akawa Bwana Barabara. Chini yake alikuwa Mistri, chini ya Mistri sisi makanika, na chini yetu, kwa hesabu za Bwana Barabara, madereva. Miongoni mwa madereva hao alikuwa Bakari Mkumba, mtu wa Mtawanya, mrefu, mpole, asiyejua kupiga kelele.

Mkumba aliendesha pikipiki ya safari ya Bwana. Ilikuwa pikipiki kubwa yenye kigari kilichofungwa ubavuni, upande wa kushoto, na kigari hicho kilikuwa na gurudumu lake, yote yakawa matatu. Bwana aliketi humo akikagua kazi. Lori halikuweza kupita kwenye njia za mashamba ya mpunga, lakini ile mashine ilipita. Ilipofika mtoni ilivushwa juu ya mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa mbao, kisha ikaendelea huko kwenye vijiji vya delta. Mkumba aliipenda kupita kiasi. Alirudi safari na tope mpaka kwenye kope, lakini aliiosha kwanza pikipiki ndipo akaoga yeye. Taa yake aliifuta kwa kipande cha kanga ya mkewe.

Masika moja ilikuwa inamalizika, mkewe alijifungua, na uzazi ulikuwa mgumu. Mkumba aliomba asiende safari ya delta, aende dereva mwingine. Bwana Barabara alimkatalia, akamwambia wanawake wa Kiafrika huzaa kila siku. Mkumba akaenda. Waliporudi, pikipiki ilikuwa inalia.

Nasema inalia kwa sababu sina neno lingine. Ulikuwa mlio mwembamba, mkali, kama mbu aliyeingia sikioni, na kila mwendo ulipozidi nao ulipanda. Bwana Barabara aliteremka kigarini akiwa mwekundu shingo nzima, akasema mbele yetu sote: "Mkumba tia mchanga ndani ya giaboksi. Yeye taka kaa nyumbani. Sasa yeye takaa nyumbani." Akamvua kofia ya kazi kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akamwambia Mistri pikipiki iwe tayari atakaporudi kutoka Utete, makao makuu ya wilaya, akaondoka na lori.

Mkumba alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya tangi la mafuta. Mchanga kwenye giaboksi si ugomvi wa kazini tu. Ni kuharibu mali ya Serikali, na mtu alifungwa kwa kosa kama hilo. Hata asipofungwa, nani tena angempa gari?

"Mistri," nilisema, "huyu mtu hawezi kufanya hivi."

"Mimi sijui kuweza, kutoweza," alinijibu. "Fungua giaboksi."

Tulimwaga oili yake juu ya kitambaa cheupe, tukaipekua kwa vidole. Hapakuwa na hata chembe. Meno ya gia yalikuwa mazima, yanang'aa. Tukarudishia, tukainyanyua pikipiki juu ya magogo, tukawasha, nami nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini wake sikioni, maana chuma hupitisha sauti kuliko hewa. Kimya. Nikahamia kwenye mnyororo, kisha gurudumu la nyuma. Kimya. Mashine iliyokuwa ikilia njiani ilikuwa imenyamaza juu ya magogo.

Mistri alikuna kidevu. "Hapa imebeba nini? Haikubeba kitu. Mwite Mkumba, mwende barabarani."

Nikaketi kigarini, Mkumba akaendesha, tukashika njia ya kusini. Mlio ukaanza. Nikamwambia apinde kushoto: ukapungua. Akapinda kulia: ukapanda mpaka meno yakaniuma. Sasa elewa. Kigari kiko kushoto, kwa hiyo ukipinda kulia uzito wote hukilalia chenyewe. Tukatazamana. Mkumba alizima injini palepale katikati ya njia.

"Si giaboksi," alisema.

"Si giaboksi, kaka. Ni gurudumu la kigari."

Alikaa chini kando ya njia akafunika uso kwa viganja. Nilimwacha apumue.

Tulipolifungua gurudumu lile mbele ya Mistri, tulikuta beringi imekauka kau. Beringi ni pete mbili zenye gololi katikati, na gololi hizo lazima ziogelee kwenye grisi. Zikikauka, chuma kinasaga chuma, kinalia. Na grisi ilikwenda wapi? Ekseli, yaani mhimili wa gurudumu, ilikuwa imezongwa na nyuzi za usumba, zile za makumbi ya nazi watu wanazosokota kamba. Nyuzi zilikuwa zimejipenyeza ndani, zikasukuma nje kizuizi cha grisi, zikainyonya grisi yenyewe yote kama utambi unavyonyonya mafuta.

Nilikwenda na Mkumba kivukoni kesho yake, maana kamba za usumba pikipiki ilikutana nazo huko tu. Nahodha wa mitumbwi, Mzee Nassoro, alitupokea vizuri, akatukaribisha madafu. Nilipomwonyesha zile nyuzi hata hakushangaa.

"Ndiyo kamba zetu hizo. Pikipiki twaifunga kwenye gurudumu la hicho kijukuu chake cha ubavuni, twapitisha kamba humo kati, twaikaza kwa kijiti mpaka isitikisike. Tukifika ng'ambo fundo limeshalowa, halifunguki. Twakata."

"Kwa nini msiifunge kwenye fremu, mzee?"

"Mwanangu we! Tulikuwa twaifunga huko. Bwana wenu kaja juu, kasema kamba zamchubulia rangi. Kasema atakayegusa vyuma vya rangi atamtia ndani. Sasa tufunge wapi? Pasipo na rangi ni pale tu."

Mkumba alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu avuliwe kofia. Mimi sikucheka. Nilizikusanya zile nyuzi nikazifunga kitambaani.

Jioni Mistri alinivuta kando. Alikuwa mtu mwema yule, lakini alikuwa na watoto wengi na woga mwingi. "Ukifika kwa Bwana, sema usumba. Usiseme nani alikataza fremu. Usumba unatosha."

"Hautoshi, Mistri. Nikisema usumba tu atasema Mkumba alifunga vibaya."

"Basi mimi sikusikia," alisema, akaenda zake.

Bwana Barabara aliporudi nilimwekea mezani beringi na lile fungu la nyuzi. Nikaeleza yote, giaboksi safi, kona ya kulia, kamba za kivukoni. Na nikamaliza: "Nahodha anasema ni amri yako, Bwana. Ulikataza fremu." Mistri alikuwa pembeni anaangalia viatu vyake. Bwana Barabara aliichukua beringi, akaizungusha kidoleni, akasikiliza inavyokwaruza. Alielewa. Naapa alielewa, maana alitupa jicho dirishani kuitazama pikipiki yake, kijani kitupu, haina mkwaruzo.

"Weka beringi mpya," alisema. "Waambie watu wa mtoni wafunge fremu, watie gunia chini ya kamba."

"Na Mkumba, Bwana?"

"Mimi kwisha sema Utete habari ya Mkumba. Mimi hapana rudi nyuma."

"Lakini hakutia mchanga!"

"Hapana kesi. Hapana jela. Yeye shukuru."

Huo ndio utaratibu, vijana wangu. Gunia lilipatikana kwa ajili ya rangi. Kwa ajili ya Mkumba halikupatikana neno hata moja. Kilichotangazwa uani mbele ya watu kilikuwa mchanga. Kilichojulikana ofisini kikabakia ofisini. Sokoni Kibiti watu wakaendelea kumnyooshea kidole, na wenye magari ya biashara, kila alipokwenda kuomba kazi, walimwambia arudi waonane baadaye. Alirudi Mtawanya kulima mihogo. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa mrefu, nilihamishiwa kambi ya barabara ya Nyamwage. Huko msimamizi mmoja Mgiriki alinikabidhi mashine ya kuponda kokoto na kuniambia: "Hapa ongea na mawe." Nikaongea nayo mpaka Uhuru ulipokuja.

Baada ya hapo nilipanda cheo, nikawa msimamizi wa karakana, nikafundisha wengi. Nilipostaafu walinifanyia karamu, wakanisifu kwa sikio langu. Ni kweli, sikio ninalo. Naweza hata sasa kukaa barazani nikakwambia basi linalopita lina beringi mbovu gurudumu gani. Lakini kusikia ni nusu ya ufundi, na nusu nyingine sikuwahi kuiona ikiheshimiwa: kukubali kile ulichosikia hata kama kinakuumbua. Mabwana hawakuwa nayo, na wakubwa waliokuja baadaye, wenye rangi yangu, wengi hawakuwa nayo pia.

Mkumba alifariki mimi nikiwa nimeshastaafu. Nilikwenda Mtawanya kuzika. Siku ya hitima walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea, na akasimama kijana mmoja, kiongozi wa wilaya, aliyevaa vizuri, akamsifu marehemu. Alisema Mzee Mkumba alipigania nchi hii kwa njia yake. Alisema, wakati wengine wakitetemeka, yeye alitia mchanga kwenye pikipiki ya mkoloni. Watu wakaitikia kwa sauti. Nyuma ya pazia, upande wa wanawake, nilimsikia mjane wake akikohoa.

Nilisimama. Nikawaambia kwamba mimi ndiye niliyeifungua giaboksi ile. Kwamba ilikuwa safi. Kwamba mtu huyu aliiosha mashine ile kabla ya kujiosha mwenyewe, na asingeitia mchanga hata angekatwa mkono. Nikasema alikuwa dereva hodari, alisingiziwa, na tusimzike na uongo uleule uliomvunja.

Yule kijana akanijia, akanishika bega kwa adabu kabisa, akatabasamu.

"Babu, usiogope tena," aliniambia. "Mzungu ameshaondoka. Sasa waweza kusema kweli."