Kucheka na Mgonjwa Kabla ya Upasuaji

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Mei mwaka huu nilimzika mume wangu, Baba Zaina, hapa Chanika. Wauguzi vijana waliokuja msibani waliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Naandika ninayoyakumbuka.

Siku yangu ya kwanza kazini, Korogwe, nilipangwa kuandaa wagonjwa wa upasuaji. Unahakikisha tumbo ni tupu, unamvua mgonjwa pete, hirizi na meno ya bandia, maana mtu akishapewa nusu kaputi jino linaweza kumkaba. Mzee mmoja wa Dindira, mwenye ngiri, alinikabidhi meno yake mkononi.

"Binti, ukialikwa nyama, uniulize kwanza."

Nilicheka, kisha nikaogopa, kwani Matroni alikuwa nyuma yangu. Akasema tu, "Mgonjwa akikutania, mjibu. Hofu inampandisha presha."

Baadaye nilihamishiwa Handeni, wodi ya wanawake. Bibi mmoja wa Kang'ata nilimwuliza kama amekula.

"Sijala, mwanangu."

"Na hiki kidevuni, bibi?"

"Muhogo. Nimeonja tu, nione kama mkwe wangu anajua kupika."

"Anajua?"

"Hajui. Ndiyo maana nimerudia."

Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake, kwa sababu chakula kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Daktari alikasirika. Wodi nzima ilicheka.

Mei hii Baba Zaina alilazwa, utumbo umejisokota. Daktari alitueleza wazi: asipopasuliwa atakufa, na kwa moyo wake ulivyo dhaifu, akipasuliwa huenda asiamke. Nilisimama kando ya machela nikitafuta neno la kumchekesha, mimi niliyewachekesha watu hadi nikastaafu. Sikulipata.

Akaja binti muuguzi kumvua kofia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Bibi yetu bado mzuri. Ukichelewa kutoka humo, namwoza kwa mjomba wangu."

Baba Zaina akanitazama. "Mwambie mjomba wako anunue pamba ya masikio. Huyu anakoroma."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akacheka, mdomo hauna meno. Wakamwingiza.

Aliamka jioni. Nilikuwa namlowanisha midomo kwa kitambaa.

"Mjomba ameshafika?"

"Bado."

"Basi sogea huku," akasema. Akanishika mkono, akalala. Hakuamka tena.