Maji Aliyopewa Twalha

Mwamina, mkulima wa ufuta wa Mbekenyera, aliharibikiwa mimba mbili kabla ya kumpata Twalha. Ndiyo maana hakuchoka kumtazama. Mtoto akiwa na miezi miwili, alishikwa na kikohozi, na siku moja akinyonya, kifua kilitulia tuli, midomo ikaanza kuwa myeusi. Mwamina alimfinya unyayo, pumzi ikarudi.

Alikimbilia zahanati akaeleza yote, pamoja na kwamba nepi ilikuwa kavu tangu alfajiri.

"Watoto ndivyo walivyo, dada," nesi alisema. "Hakojoi kwa sababu ana kiu. Mpe maji."

"Kliniki mlisema maziwa matupu mpaka miezi sita."

"Aliyesomea ni nani, mimi au wewe?"

Mwamina alitii. Siku mbili alimnywesha maji ya kuchemsha kwa kijiko. Uso ukaumuka, mkojo hautoki, pumzi zinakatika mara kwa mara. Siku ya tatu mtoto alikakamaa. Mumewe, Halfani, aliwapakia kwenye bodaboda hadi Ruangwa mjini, Mwamina ameweka kidole chini ya pua ya mwanawe njia nzima.

Damu ilipopimwa, daktari aliwaita.

"Mama Twalha, mtoto ana nimonia. Imepandisha homoni inayoziamuru figo zisiachie maji. Maji yakijaa mwilini, chumvi ya damu inashuka, ubongo unavimba, pumzi inakatika. Na pumzi ikikatika, homoni hiyo inaweza kupanda tena. Nani alimpa maji?"

"Mimi."

Halfani aligeuka akamtazama mkewe. Mwamina hakumtaja nesi. Aliyeshika kijiko ni yeye.

Twalha alipona nimonia, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia. Leo ana miaka mitatu, shingo haijakaza, na mama mkwe huwaambia wageni kwamba mkamwana wake alimzamisha mtoto nyumbani.

Mwamina alirudi zahanati mara moja tu, kumkumbusha nesi kwamba ndiye aliyemwambia ampe mtoto maji.

"Wanakuja wengi hapa, sikumbuki," nesi alijibu, akamfungulia daftari. Kwenye tarehe ya siku ile palikuwa na maneno matatu tu: *Kikohozi. Ushauri umetolewa.*

Mwamina aliyasoma mara mbili. Zahanati nyingine iko mbali, na Twalha huumwa kila mara. Akiumwa, anambeba mgongoni na kumpeleka palepale, anamwamkia nesi yuleyule, kisha anakaa kwenye benchi kungoja zamu.