Wimbo wa Kukunia Nazi

Mume wangu aliniposa bila kunionya kwamba kwao Jumapili hakuna anayekaa kimya. Mara ya kwanza kwenda kwa wazazi wake, mashariki mwa Toronto, nilivaa gauni la heshima, nikabeba keki, nikajiandaa kuhojiwa kama mwombaji wa kazi. Badala yake nilipewa kikombe cha chai nzito ya maziwa, nikaonyeshwa kiti cha jikoni, na baba mkwe akachukua fidla yake. Mama mkwe alikuwa na kodiani mapajani, mume wangu filimbi ya bati. Walipiga mpaka chai yangu ikapoa.

Mimi ni mtu wa Muheza, na fidla si kitu kigeni kwa mtu wa Tanga aliyekulia kwenye taarab. Lakini fidla hii ilikuwa ikikimbia kama kuku aliyeponyoka kisuni, na mguu wa mzee ukiifukuza sakafuni. Pale mguu wake ulipozoea kupiga, plastiki ya sakafu ilikuwa imelika mpaka mbao zikaonekana. Mama mkwe alikataa isibadilishwe.

Baba mkwe alikuwa fundi uashi. Alitoka kwenye bonde moja la Donegal, kaskazini magharibi mwa Ayalandi, na nyimbo za bonde hilo, nyingi zisizo na maneno, alikuja nazo kichwani. Karatasi ya noti za muziki hakutaka hata kuiona. Kwake wimbo ulifundishwa kwa sikio, mwalimu na mwanafunzi wameketi magoti kwa magoti, kipande kwa kipande. Na kabla ya kuupiga ulitakiwa kusema umeupata kwa nani, na huyo aliupata kwa nani, mpaka mwisho wa unaowajua. Yeye alisema hayo kwa Kiayalandi cha kwao, mume wangu akinitafsiria sikioni: huu kaupata kwa mama yake, mama yake kwa fundi bati aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kuziba masufuria.

"Asiyetaja ni mwizi," mzee alisema.

Binti yetu alipozaliwa nilimfundisha mzee neno "Babu", akalipenda, akawa hataki kuitwa vingine. Naye alilipa wema huo kwa kuniteka mtoto. Mtoto hajaanza hata shule vizuri, amenunuliwa fidla ndogo. Jumapili baada ya kanisa wanaketi magoti kwa magoti. Mzee anapiga kipande, mtoto anarudia, mzee anasema, "Tena." Mtoto anarudia. "Tena." Mimi ningekuwa mtoto ningelia. Yeye alicheka, akarudia. Nyumbani kwetu Crescent Town, kwenye ghorofa ambako kuta hazifichi siri, jirani wa chini aligonga dari kwa fagio mpaka akachoka, na baadaye tulipokutana kwenye lifti akawa anauliza mbona leo kimya.

Nilifurahi. Ila nilikuwa na wivu, na sioni sababu ya kuuficha. Mtoto alijua fundi bati wa Donegal alikunywa chai na sukari kiasi gani, lakini nikimwambia, "Mwanangu, niletee mwiko," mwiko unakuja na jibu linakuja: "Here you go, Mum." Alielewa kila kitu. Kinywa ndicho kilichogoma. Nilijaribu masomo ya Kiswahili ya Jumamosi, nikanunua vitabu vya picha, akapiga miayo mpaka nami nikaambukizwa. Mwishowe nikasusa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami niliona nimemlea nusu, na nusu yenyewe ni ya mume wangu.

"Subiri," mume wangu alisema. "Mtoto anasikia."

"Hata ukuta unasikia," nikamjibu.

Nilichobaki nacho ni kuimba, na kumsimulia mtoto watu wa kwetu kwa majina. Bibi yangu alikuwa na wimbo wa kukunia nazi; aliuimba ameketi juu ya mbuzi, nami mbele yake nimeshika bakuli. Toronto nazi hutoka kwenye kopo, na kopo halihitaji wimbo. Basi niliuimba nikichambua mchele, ingawa mchele wenyewe ulikuwa wa mfuko, hauna hata jiwe moja. Mume wangu alinitania kwamba natafuta mawe ya Muheza.

Mzee alipokaribia kutimiza miaka themanini, watoto wakamuuliza anataka zawadi gani. Akasema nguo anazo, na soksi zaidi ya miguu. Kila mjukuu ampigie wimbo mmoja ambao yeye hana.

Wajukuu wengine walikuwa na walimu wao. Kwao kazi ilikuwa rahisi. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alirudi nyumbani kanuna. Kila wimbo aliokuwa nao aliupata kwa Babu. Alikuwa hana cha kumpa. Nilimhurumia, lakini mimi ni nani katika mambo ya fidla? Nikamwambia atafute kwenye kompyuta. Akaniangalia kama nimemwambia akaibe.

Wiki zile akawa haondoki jikoni. Analeta vitabu vya shule mezani, ananiuliza leo hatupiki wali? Siku moja nilikuwa nachambua mchele kimya kwa sababu ya mafua, akauliza mbona siimbi. Nikadhani ni njaa.

Siku ilipofika, nyumba ya wazee ilijaa mpaka ngazini. Wajukuu wakapiga, mzee akitikisa kichwa kwa furaha. Zamu ya binti yangu ikafika. Alisimama, akashika fidla chini ya kidevu, kisha akaishusha ili aseme kwanza.

"Wimbo huu nimeupata kwa mama yangu," alisema. Kwa Kiswahili. "Mama aliupata kwa bibi yake, Muheza. Walikuwa wanakuna nazi." Akalitaja jina la bibi yangu lote, na la baba yake bibi.

Mle ndani aliyeelewa ni mimi peke yangu. Lafudhi ilikuwa ya Toronto tupu, na sijapata kusikia Kiswahili kitamu kama kile. Akapiga. Bibi yangu alikuwa mle, na pumzi zake, na pale alipokuwa akinyamaza kidogo kugeuza kifuu. Nililia mbele za wakwe bila aibu.

Mzee alisikiliza amefumba macho. Ulipokwisha nikamtafsiria aliyoyasema mtoto, naye akaniuliza, "Wimbo huu unaishia wapi?"

"Nazi ikiisha, Baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta kiti, akakiweka mbele ya chake, akanionyesha niketi. Mimi, ambaye sijui kushika hata filimbi! Tuliketi magoti kwa magoti. Nikaimba kipande, akakipiga. Nikaimba kingine.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kupiga, alitaja alivyoupata: kwa mkwe wake, mkwe wake kwa bibi yake. Jikoni kwao, juu ya ile sakafu iliyolika, jina la mwanamke ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Tanga lilimtoka mzee wa Donegal vipande vipande.

Niliweka birika chini.

"Tena," nikamwambia.

Akalisema tena.