Shangazi kwa Siku Moja

Jukwaani nimeshakuwa shangazi mara nyingi mno. Kikundi chetu cha maigizo hufanya mazoezi mtaani Kamwokya, na kwa kuwa nina sauti nzito na makalio ya kutosha, kila shangazi mkali huangukia kwangu.

Ijumaa moja asubuhi jirani yangu, Mkongomani anayeuza vitenge, alinibishia hodi.

"Dada, kesho najitambulisha ukweni, Makindye. Basi la watu wetu limeharibika njiani. Sina shangazi wa kunipeleka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo shangazi ni wewe."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikamwuliza jina la baba yake, maana tangu dakika ile mzee huyo alikuwa kaka yangu.

Jumamosi nikavaa gauni la gomesi la rangi ya chungwa, mabega yamesimama kama masikio. Tuliketi chini ya hema upande wa wageni, wauza vitenge wenzake wakijifanya ukoo mzima, na nilikuwa nimenyoosha uso kwa heshima ambayo sijawahi kuipata kwenye mazoezi. Ikafika zamu ya shangazi wa bibi harusi kuja upande wetu kumtafuta bwana harusi na kumbandika ua. Akatoka nyumbani akitembea kwa madaha. Nikamtazama. Alikuwa mwenzangu wa kikundi, yule anayeigiza mpwa wangu mtundu!

Alipiga magoti mbele yangu kunisalimu.

"Unafanya nini hapa?" nikamnong'oneza.

"Shangazi mwenyewe yuko kazini Uarabuni. Na wewe?"

"Wa kwetu amekwama na basi."

Basi, kicheko kikatushika. Nilijiuma mdomo, naye akaficha uso magotini pangu, mabega yakimtetemeka. Msemaji wao akanyakua kipaza sauti: "Tazameni, mashangazi wanalia kwa furaha!" Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja akatuletea leso.

Nilidhani tumepona, mpaka nyanya wa bibi harusi akatuita kwa kidole. Alikuwa mjane wa polisi, na Kiswahili chake alikipata kwenye nyumba za askari Naguru.

"Nyinyi wawili, kuja hapa. Mimi naliona nyinyi kwa mchezo, Kamwokya. Wewe nafukuza huyu na mwiko."

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mama. Hatukutaka kuwadanganya."

"Kudanganya nani? Kijana alipiga simu jana, alisema kweli yote. Sisi tukamwambia, lete tu watu ile napenda wewe." Akageukia wapishi. "Mwiko iko wapi?"

Mwiko ukaja, mrefu kama kasia, bado una ndizi. Nikamfukuza mwenzangu kuzunguka hema, gomesi nimeikunja mkononi, kiatu kimoja kikabaki kwenye nyasi. Wazee waliovaa kanzu waliinua miguu kutupisha. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, na bwana harusi, ambaye siku hiyo hakupaswa kusema neno, alipiga kelele, "Mkamate, shangazi!"

Watu wa jirani yangu walifika Jumatatu. Shangazi halisi alikuwa mwanamke wa umbo dogo, mpole, mwenye sauti ya chini hata ikabidi niiname. Alinishika mikono yote miwili.

"Nimesikia," akasema, "kwamba nilipendeza sana."