Neno "Casual" na Mama Rodah

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu alinipa rula, kalamu mbili na rejista, akaniambia, "Hapa kalamu ikiteleza, kuna mtu analala njaa." Nilikuwa nimetoka upande wa ziwa, na baridi ya mashamba ya chai ya Konoin ilinitetemesha vidole.

Kazi yangu ilikuwa masta roli, yaani orodha ya waliofika asubuhi. Nyapara aliita majina, mimi natia alama. Mbele ya kila jina paliandikwa "permanent" au "casual". Wa kwanza alikuwa na nyumba, matibabu na pensheni. Wa pili alikuwa na siku yake tu. Miezi mitatu ikikaribia kwisha, casual alipewa "breki": wiki moja nyumbani, kisha anaandikwa upya kama mgeni, ili asije akadai kazi ya kudumu.

Mama Rodah, mchumaji kutoka Silibwet, aliandikwa mgeni namna hiyo kwa miaka kumi na moja. Alichuma majani mawili na chipukizi, jani gumu hakuligusa. Alitaka kitu kimoja: aajiriwe kwa kudumu kabla magoti hayajamkatalia.

"Karani, mwaka huu unanisukumia?" aliniuliza kila akirudi.

"Nasukuma, mama."

Uongo mtupu. Sikuwahi kufungua mdomo.

Siku moja mvua ya mawe ilisimamisha uchumaji, nami kwa kukosa la kufanya nikafungua kamusi kubwa ya ofisini. "Casual", ilisema, ni neno la Kilatini lililopitia Ufaransa. Mzizi wake ni kuanguka. Kisha likawa jambo linalotokea kwa bahati tu, bila kupangwa. Hata "casualty", ile ya hospitali, ni ndugu yake. Sisi tunasema kibarua, yaani barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Angalau Kiswahili kilikumbuka kwamba mtu aliitwa.

Neno hilo lilinikaa rohoni. Nikaenda kwa meneja wa shamba.

"Bwana meneja, mtu anayekuja kila asubuhi miaka kumi na moja, huyo amekuja kwa bahati?"

Hakuinua macho. "Karani, wewe andika. Mambo ya kamusi waachie walimu."

Nikaandika. Nilikuwa na watoto shuleni, na nilikuwa mwoga. Wakati ule niliita woga huo nidhamu ya kazi. Leo nauonea haya.

Nyinyi vijana mnaoingia ofisini sasa mnaandika kwa kompyuta, na neno linajijaza lenyewe kabla hamjalifikiria. Lifikirieni hata hivyo.

Siku ya kuniaga, kampuni ilinipa blanketi na saa ya ukutani. Meneja akanisifu kwamba rejista yangu haikuwahi kuwa na kosa. Watu wakapiga makofi. Mama Rodah alikuwa amesimama mlangoni, gunia la plastiki la kujikinga na umande likiwa bado kiunoni, akasubiri mpaka wakubwa wakatoka.

"Karani, breki yangu inaanza kesho. Ile Monday ingine nikuje?"

Nje, mashine mpya za kuchuma zilikuwa zimeshashushwa kutoka kwenye lori. Aliziona, nami niliziona.

"Kuja, mama," nikamwambia.

Akanishukuru.