Aliyempiga Goreti kwenye video ile ni binti yangu

Admin, ficha jina langu na fasi ninayokaa ndani ya kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, maana huku watu wanajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, Mkongomani wa Kivu Kusini. Nina mabinti wawili, na mume wangu anashinda Kikagate kwenye biashara ya maharage. Majina yote nimebadilisha. Na ninyi wenye midomo mirefu, msihangaike kunitukana kwenye komenti, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Binti yangu mkubwa, nimwite Riziki, ana miaka kumi na tano, na simu yangu anakaa nayo yeye. Mtanishangaa, lakini mwenye faili ya kuhamishiwa nchi ya tatu atanielewa. Namba iliyo kwenye faili ni yangu, na huku kila mtu anaamini kwamba watu wa shirika la wakimbizi wakikupigia ukakosa kupokea, faili yako inarudi chini kabisa. Wanaopiga wanaongea Kingereza, na mimi Kingereza kinanishinda. Basi nikampa Riziki simu, aende nayo shambani, shuleni, kanisani, alale nayo. Chaji ikipungua nilikuwa naikimbiza mwenyewe kwa mtu wa sola. Miaka miwili hivyo, na sikuuliza hata siku moja mbona anacheka peke yake chini ya blanketi.

Kumbe ana kikundi! Watoto wa kwetu wanapigana na watoto wengine, mmoja anarekodi, wanaweka mtandaoni. Watu wasiowajua, wengine wako ng'ambo huko wamekula wameshiba, wanaandika chini: "Ongeza! Hiyo ndogo! Tunataka damu!" Na watoto wanaongeza kweli.

Wiki mbili zilizopita Goreti, binti wa jirani yangu Mrundi, alikutwa kwenye mahindi uso umepasuka. Ana miaka kumi na mitatu. Mama yake ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sina hata sufuria, na mashamba yetu yanapakana. Goreti alipelekwa hospitalini Mbarara. Alisema waliompiga walifunika nyuso.

Kesho yake mwanamke mmoja sokoni akanionyesha video. "Ona hawa washenzi, mama." Nikaona. Goreti amepiga magoti, anasema, "Mnisamehe, mnisamehe." Msichana aliyejifunga kitambaa usoni hasemi neno, anainua mpini wa jembe. Pigo la kwanza la sikio. La pili la jicho, na ule mlio mpaka sasa niko nausikia. Goreti anatambaa, anapapasa chini, damu inapita katikati ya vidole, na yule msichana anamkamata kola anamgeuza atazame simu. Wengine wanacheka. Mpini ule umefungwa mpira wa baiskeli katikati. Niliufunga mimi, kwa mikono yangu hii.

Mawee! Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Nilichukua mpini uleule nikampiga Riziki. Mgongoni, miguuni, kwenye mikono aliyojikinga nayo. Akalia, "Mama, unaniua! Ni bo ba kikundi banasema nipige, mi niliogopa watanicheka!" Nikazidi kupiga. Kidole chake kilivunjika nikasikia. Sikuacha mpaka nilipomsikia mdogo wake wa miaka saba akisema, tena kwa utulivu kabisa, "Mama, geuka huku kidogo, sura yako haionekani." Alikuwa ameshika simu, anarekodi. Nikaangusha mpini, nikakaa chini kwenye vumbi.

Jumanne hii simu ikalia. Ndiyo ile tuliyoisubiri miaka saba. Riziki akapokea kwa mkono mzima, akanitafsiria: intavyu ni mwezi ujao, familia yote. Mume wangu alirudi mbio, na nilipomweleza mambo ya video akaniambia, "Ukifungua mdomo, mtoto anaenda jela na faili imekufa. Funga mdomo." Sijui kama ni kweli faili inakufa, lakini woga wake umeniingia na mimi.

Jana nilikwenda Mbarara kumpelekea Goreti chakula, maana huku kwetu mgonjwa wa jirani ni mgonjwa wako. Nikamlisha ndizi, kijiko kwa kijiko. Jicho la kushoto wamelitoa. Mama yake akanishika mkono, akanitoa nje.

"Dada, Jumatatu polisi wanakuja kuandika maneno yetu," akasema. "Wao wanataka Kingereza, na mimi nina Kirundi na haka ka Kiswahili kangu. Niazime Riziki anitafsirie. Mtu mwingine simwamini."

Nikamjibu, "Sawa, atakuja." Ndiyo, nilisema hivyo. Ulimi wangu na uoze.

Niliporudi nikamwambia Riziki. Akasema, "Nitaenda, Mama. Nitatafsiri yote." Nikamwangalia usoni nijue kama anataka kukiri, au anataka kugeuza maneno ya yule mama mbele ya polisi. Nimemzaa mimi, na sikujua.

Ndugu zangu, leo ni Ijumaa. Nikisema ukweli, ninampoteza mtoto wangu na pengine safari ya watu wanne, na mume wangu hatanisamehe. Nikinyamaza, nitakaa kwenye nchi ya watu nikila na kushiba, huku mwenzangu anamwongoza mwanawe kwa jicho moja bila kujua kwamba mimi nilijua. Nimpeleke Riziki polisi mwenyewe kabla ya Jumatatu? Au nianze kwa mama yake Goreti, nipige magoti, yeye ndiye aamue?

Jana nikiwa naondoka, Goreti alinishika gauni akaniuliza, "Mama, mbona Riziki haji kuniona? Nimemkumbuka sana." Nishaurini, jamani. Nimjibu nini?