Ua Uliochorwa Mtupu

Watu wa uani walimwita Injinia tangu wiki aliyoingia chuo, na hakuna aliyemsikiliza alipojaribu kuwaeleza kwamba injinia ni mwingine na msanifu majengo ni mwingine. "Yote si nyumba?" Kinyozi alimuuliza, akaendelea kunyoa. Basi akaacha. Mtu akikupandisha cheo bila kuombwa, ubishi wa nini?

Uani penyewe palikuwa nyuma ya jengo la vyumba vya kupanga, katikati ya kuta tatu na uchochoro mmoja. Mama Mdogo, aliyemlea Injinia tangu mama yake mzazi alipofariki, alipanga chumba humo na kushonea pale uani, cherehani yake ikiwa chini ya mabati yaliyoegeshwa ukutani. Jirani yake alikuwa Kinyozi na kiti chake cha kuzunguka ambacho kilishakataa kuzunguka. Kati yao na uchochoro zilipita kamba za nguo za wapangaji wote, na ukitaka kuvuka ilibidi uiname kama mtu anayeingia kwa wakwe. Kwenye ukuta wa mwisho alikaa Mchora Mabango, mzee asiyejua kunyamaza. Kabla ya kupaka bango la mteja alijaribia rangi pale ukutani: leo samaki, kesho kiatu, keshokutwa herufi moja nyekundu ya duka fulani. Miaka ikaenda, ukuta mzima ukawa picha ambayo hakuna aliyekaa akaamua kuichora. Injinia alijifunza kusoma kwa herufi zile, huku Mama Mdogo akimuuliza kwa mdomo uliojaa pini.

Ndiyo maana chuoni, kila alichobuni kilitoka uani, hata alipodhani kimetoka kichwani mwake. Mwaka wa kwanza waliambiwa wabuni mahali pa kukaa watu wawili wasiojuana. Wenzake walileta viti vya kioo na chuma. Yeye alileta benchi lenye kona, ndugu wa lile la wateja wa Mama Mdogo, ambalo mtu anaweza kumpa mwenzake mgongo bila kumvunjia heshima. Mwaka wa pili alibuni chumba cha kusikilizia mvua. Gundi ilimwishia, akagandisha nyumba yake ya maboksi kwa uji wa ngano, na panya wakala paa lote na nusu ya ukuta. Alisimama mbele ya walimu na nyumba iliyotafunwa, akasema ameamua kubuni gofu la nyumba. Walicheka mpaka wakampitisha. Kijana alikuwa na ulimi, hilo hatumnyimi.

Mwaka wa mwisho akaamua kuuchora ua wenyewe. Alitaka jambo moja tu: Mama Mdogo azeekee pale pale, chini ya paa lisilovuja. Basi akabuni paa jepesi la kuwafunika wote, benchi refu lenye kona nyingi, kamba za nguo zinazopandishwa juu watu wapite, na ukingo wa kuuzuia ukuta wa Mchora Mabango usilowe mvua. Kila mtu alibaki mahali pake, ila pakavu. Siku ya kupima, ua wote ulifanya kazi. Kinyozi alinyanyua kiti chake futi ipite. Mchora Mabango alitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama Mdogo ndiye aliyeshika ncha ya futi, akihama naye kona kwa kona, na kila akiulizwa kama amechoka anasema, "Wewe pima, mwanangu."

Kazi ile ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilionyesha hali ilivyo, ya pili ilionyesha pendekezo. Kwenye ya kwanza alichora kila kitu kwa wino: mabati, cherehani, kiti, kamba, hata makopo ya rangi. Mwalimu wake wa studio, mtu mpole aliyependa mistari safi, aliinama juu ya karatasi muda mrefu.

"Haya mabati yana msingi?"

"Hapana, mwalimu. Yameegeshwa."

"Na kamba?"

"Zinafungwa na kufunguliwa."

"Basi toa. Kwenye hali ilivyo tunachora kilichoshikwa na ardhi. Vinavyohamishika vinachafua mchoro. Watu wako utawaweka kwenye pendekezo."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa naye, na ndivyo wanavyofundishwa wote. Injinia akatafuta wembe, maana wino haufutiki kwa raba, akakwangua taratibu karatasi isichanike. Alikwangua mabati, akakwangua kamba. Alipofika kwenye cherehani alipuliza vumbi la wino, akaendelea. Na ukweli usemwe: alipomaliza alipendezwa. Kuta tatu, uchochoro mmoja, na katikati weupe mtupu. Akatia tarehe na sahihi, chuo kikagonga muhuri, na kazi yake ikashika namba moja.

Kwenye maonyesho ya chuo alikuja bwana mmoja wa ofisi ya mipango ya mji. Alisimama mbele ya kazi ya Injinia, akatikisa kichwa kwa furaha, akamwita hazina, akamwita macho ya kesho. Kilemba cha ukoka kikamkaa Injinia kichwani sawasawa. "Sehemu kama hizi ndizo tunazozitafuta," yule bwana alisema. "Nipe nakala. Hasa hii ya kwanza, yenye muhuri. Huwezi kujenga bila kujua hali ilivyo." Injinia alimkunjia nakala, akampa kwa mikono miwili.

Jioni ile uani palilika na kunyweka. Karatasi ya pili ilibaki chuoni kwenye maonyesho, kwa hiyo Injinia alirudi na nakala ya ile ya kwanza, na Mama Mdogo akaipeleka kutiwa fremu yenye kioo. Kabla ya kuitundika chumbani aliitazama.

"Mbona peupe hivi? Sisi tuko wapi?"

"Nyie mko kwenye ya pili, Mama Mdogo. Hii ni ya kuanzia tu."

"Haya," akasema. "Walau umetufagilia vizuri." Akagonga msumari.

Tangazo lilikuja mvua zilipokwisha. Lilibandikwa juu ya samaki wa Mchora Mabango, na chini yake mchoro wa Injinia uliopunguzwa ukubwa, sahihi yake ikisomeka bila shida. Lilisema kiwanja kile kisichokaliwa na mtu kitakuwa maegesho ya magari, na waliokivamia waondoke. Injinia alilisoma akiwa amesimama mbele ya herufi zilezile zilizomfundisha kusoma.

Alikimbilia ofisi ya mipango na karatasi ya pili kwapani. Yule bwana alimpokea kwa tabasamu, akamvutia kiti.

"Mzee, pale uani kuna watu," Injinia alisema kabla hajakaa.

"Wapo sasa. Siku uliyochora hawakuwepo. Tarehe hii hapa, sahihi yako hii hapa. Maana yake wameingia baadaye, na aliyeingia baadaye hatutafuti pa kumpeleka."

"Walikuwepo! Mama yangu ndiye aliyenishikia futi!"

"Ulimchora?"

Injinia akakunjua karatasi ya pili mezani. Akamwonyesha paa, benchi, kamba, Mama Mdogo na cherehani yake. Yule bwana aliitazama kwa heshima, hata akawasha taa.

"Nzuri sana hii. Lakini haya ni matamanio yako, kijana wangu. Sisi tunafanya kazi na hali ilivyo."

"Basi ile ya kwanza ni ya uongo. Naandika hapa hapa kwamba ni ya uongo."

"Andika. Halafu niletee neno la chuo kwamba wamegonga muhuri uongo."

Akaenda kwa mwalimu wa studio. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba ameumia. Alivua miwani akaishika. "Nikisema mchoro ni wa uongo, nitakuwa nimedanganya," alisema. "Umechorwa kwa kanuni. Nitakachoweza ni kuieleza kanuni yenyewe." Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba vitu visivyo na msingi huwa havichorwi. Injinia alikwenda na barua hiyo mbio. Yule bwana wa mipango alisoma, akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo mwalimu wako anakubali kwamba hapakuwa na jengo. Amenisaidia sana, mshukuru."

Alirudi nyumbani kwa miguu, hana hamu ya kufika. Aliwaambia wote mara moja, wamesimama, kwa sababu alijua akimwambia mmoja mmoja atashindwa. Mchora Mabango hakusema neno, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kinyozi alikunja kitambaa chake mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Kisha akashika kiti chake kile kizito. "Msanifu, nipishe nipite."

Miaka yote ile Injinia alitamani aitwe hivyo walau mara moja.

Mashine ilikuja asubuhi, ikafanya kazi yake kabla jua halijawa kali. Mabati ya Mama Mdogo, kwa kuwa yaliegeshwa tu, yalianguka yenyewe kabla hayajaguswa. Ukuta ulibisha kidogo, ukabomoka vipande vikubwa, na kwa muda kidogo samaki mzima alilala chali juu ya kifusi cha viatu na herufi. Mchora Mabango aliokota makopo yake akaondoka, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Kinyozi alihamia upande wa pili wa mji. Pale uani pakamwagwa kokoto, pakapigwa mistari myeupe, pakawa kama alivyopachora.

Cherehani iliingizwa chumbani, ikabanwa kati ya kitanda na kabati. Wateja wachache walibisha hodi mwanzoni, kisha wakapungua, maana nani anataka kuchukuliwa vipimo pembeni ya kitanda cha mtu? Injinia alifaulu chuo vizuri sana, akakaa nyumbani. Kalamu zake zikakauka. Kila akifungua karatasi mpya aliifunga tena. Alijichukia kwa chuki isiyopumzika, na ubaya zaidi, Mama Mdogo hakumlaumu hata siku moja. Angemtukana, angemfukuza, Injinia angepata pa kushika. Lakini Mama Mdogo kila asubuhi aliamka, akachukua tambara, akafuta vumbi kwenye kioo cha fremu kama alivyokuwa akifanya tangu ilipotundikwa, akakaa kushona.

"Tuitoe hii, Mama Mdogo," alimwambia siku moja. "Nakuomba."

"Niitoe kwa nini? Si kazi ya mwanangu?" Akaacha kukanyaga cherehani. Akainuka, akasimama naye mbele ya fremu, wamebanana kwa ufinyu wa chumba. "Ila macho yangu si mazuri siku hizi, na pote ni peupe. Nionyeshe nilipokuwa nakaa."

Injinia akainua kidole. Yeye aliyejua urefu wa kila ukuta wa pale alitafuta mahali pa kukiweka, akatafuta, machozi yakimharibia zaidi. Akakigusisha kioo.

Mama Mdogo aliinama karibu, akatazama. Kisha akamshika mkono kwa upole, kama alivyoshika zamani ncha ya futi, akausogeza kidogo kushoto.

"Hapo palikuwa kwa Kinyozi, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa hapa."